Maswali yenu: Nataka kusaidia kwenye kinamasi, nianzie wapi?

Toleo lililopita tuligusia siku ya ardhioevu duniani, ile ya tarehe 2 Februari, manake ni tarehe hiyo mwaka 1971 ndo nchi zilisaini mkataba wa kulinda sehemu hizi za maji kule Ramsar, Iran, na mwisho wa makala tukawauliza nyie wasomaji mko tayari kufanya nini huko kwenu. Barua zimekuja nyingi mno na nashukuru kwa kila moja. Zimefanana sana kwa hiyo nimechukua hizi chache, ukikosa yako soma za wenzako, jibu lako utalikuta humu humu.

Habari dada. Naishi Kisumu, nina watoto watatu wa shule ya msingi. Nasikia wageni wanatoka mbali kuja Dunga kuangalia ndege, na sisi wenyeji tukienda huko ni kula samaki tu alafu tunarudi. Kuna nini cha kuwaonyesha watoto, na ni salama? — Mama wa Nyalenda

Mama, kuleni samaki bila wasiwasi, ila siku hiyo mfike asubuhi. Namaanisha asubuhi ya kweli, saa kumi na mbili na nusu muwe mshafika, samaki atawasubiri. Hapo hapo ufukweni kuna vijana wa kijiji waongozaji, wamezaliwa hapo na ndege wanawajua kwa sauti, lipa mmoja wao mkapate kuingia kwenye mafunjo na mtumbwi au kwa daraja la mbao. Ulizeni kwanza daraja likoje, manake ziwa lilipanda sana 2020 likapanda tena 2024 na mbao na maji mnajua hazipatani.

Waambie watoto wanyamaze waskilize. Kuna ndege anaitwa gonolek wa mafunjo, mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, utosi manjano kama dhahabu, na anaishi kwenye mafunjo tu, ukiyafyeka yote hana pengine pa kwenda. Mara nyingi wako wawili, mmoja anaita na mwenzake anamjibu hapo hapo mpaka unadhani ni ndege mmoja anaimba. Utamsikia kitambo kabla hujamwona, alafu ghafla anajitokeza juu ya shina sekunde mbili tatu, wekundu ule wote, kisha huyoo kazama tena. Mtoto akishamwona huyo hutamwambia tena kinamasi ni pahali pa mbu.

Alafu waonyeshe na mafunjo yenyewe, wayashike. Shina ukilikata ni la pembe tatu, ndani jeupe na laini, kina mama wa hapo wanayasuka vikapu na mikeka. Na wasimulie habari ya samaki. Mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, anataka maji yenye hewa nyingi, ndani ya mafunjo hewa ni kidogo, kwa hiyo samaki wadogo wanakimbilia humo na mbuta hawezi kuwafuata. Ndo sababu mkienda siku nyingine Siaya, ziwa Kanyaboli ndani ya kinamasi cha Yala, mtakuta bado kuna ngege wa asili, yule ambaye babu zetu walimvua ziwa Victoria mpaka akapotea baada ya mbuta kuletwa miaka ya 1950 na tilapia wengine wa kigeni juu yake. Kile kinamasi kimemficha miaka yote hiyo. Mi naona hakuna somo la sayansi zuri kuliko hilo.

Usalama: life jaketi kila mtoto, na kama hazitoshi msipande. Watoto wasiingie maji ya ukingoni miguu mitupu, kichocho kiko. Kiboko mwangalieni mkiwa mbali na msisimame katikati yake na maji, na jioni kabla giza muwe mshaondoka manake ndo wakati wanatoka kula nyasi.

Sasa dada, sisi ni kikundi cha vijana huku Kikuyu, tunataka kufanya siku ya kupanda miti kinamasi cha Ondiri, tumeahidiwa miche 500 ya bure. Tupande wapi hasa? — Katibu wa kikundi

Kabla ya kupokea hiyo miche uliza ni ya mti gani. Ikiwa ni mikaratusi rudisha, kwa heshima, lakini rudisha. Mkaratusi unakunywa maji mchana na usiku na karibu na chemchemi ndo mti wa mwisho kuwekwa, na Ondiri si bwawa la mchezo, ndipo mto Nairobi unapoanzia. Yale maji meusi mnayoyaona kule chini mjini huku juu yanaanza yakiwa masafi kabisa.

Jambo la pili, hata kama ni miti ya kienyeji msipande ndani ya kinamasi. Najua picha zinapendeza mkiwa na miche mkononi na maji nyuma yenu, lakini kinamasi sio msitu uliokatwa unaongoja kupandwa upya. Zile nyasi na matete ndo uoto wake, ndo zinazochuja maji na kuyashika. Pandeni kwenye ukingo, kwenye mashamba yanayouzunguka, pale udongo unaposhuka na mvua. Sheria zetu zinataka kingo za mito na maji ziachwe mita 6 mpaka 30 kuanzia maji yanapofika yakijaa, kwa hiyo kwanza kaeni na wenye mashamba, kubalianeni mstari uko wapi, ndo mchimbe mashimo. Hicho kikao kitawachosha kuliko kuchimba lakini bila hicho miche itang'olewa msimu ujao wa viazi.

Na tafadhali msitembee katikati peke yenu. Ondiri juu ni mkeka wa mimea unaoelea na chini yake ni maji ya kina kirefu, ukikanyaga unahisi ardhi inabonyea na kutikisika kama godoro, na pahali palipo dhaifu unapita mzima mzima. Kuna wenyeji waliojipanga miaka sasa kukilinda kinamasi hicho, watafuteni kabla ya hiyo siku yenu, waulizeni wana upungufu gani. Huenda watawaambia miche wanayo, shida ni watu wa kuimwagilia Januari na Februari jua likiwaka. Hapo ndo mtajua kama mnataka kusaidia au mnataka tukio. Mi nawaamini ni la kwanza, ndo maana umeandika kuuliza.

Mimi ndege nawajua watatu tu, kuku, kunguru na marabu wa pale Nyayo. Naweza kweli kujiunga na ile hesabu ya ndege wa maji ya Januari mliyoandika au nitawaharibia watu kazi? — Msomaji, Nairobi South B

Unaweza, na naomba ujiunge. Hili swali limekuja kutoka kwa watu wengi kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Kila Januari ndege wa maji wanahesabiwa dunia nzima, kazi iliyoanza 1967, na sisi Kenya tumekuwa tukihesabu kwenye maziwa ya Bonde la Ufa tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Makumbusho ya Taifa wakishirikiana na chama cha Nature Kenya na KWS, lile shirika la wanyamapori, na sehemu kubwa ya wanaohesabu ni watu wa kawaida waliojitolea, wanafunzi, walimu, watu wa benki, wastaafu. Wanagawanywa vikundi, kila kikundi kinapewa kipande chake cha ufuo, na kila kikundi kina mtu mmoja angalau anayejua ndege vizuri. Anayejua anaangalia kwa darubini na kutaja, wewe usiyejua unaandika. Kuandika sio kazi ya kupewa mgeni ili asijisikie vibaya, bila mwandishi makini hesabu yote ni bure, manake yule wa darubini akitoa jicho kuandika ndege washahama na hajui aliishia wapi. Anataja "yangeyange kumi na wawili, korongo mweusi mmoja, bata domo-jekundu arobaini," wewe unaandika, unamrudishia kwa sauti, anaendelea. Ukimaliza asubuhi moja hivo utakuwa unawajua ndege ishirini na hukuhisi ulipowajua.

Kundi likiwa kubwa hakuna mtu anayehesabu mmoja mmoja. Unahesabu kumi, unaishika machoni ile nafasi ambayo kumi wamejaza, kisha unaona mia inajaza nafasi gani, alafu unaipitisha ile mia juu ya kundi zima, mia, mia mbili, mia tatu, hadi mwisho, na wawili watatu wanafanya kila mtu kivyake kisha mnalinganisha. Mwanzo utakosea sana kwa kupunguza, karibu kila mtu anapunguza, mazoezi yanakurekebisha.

Na kwa nini tujichoshe hivo? Chukua heroe, hawa ndege wa waridi wa Nakuru. Heroe mdogo anakula vijimea vidogo vya kijani vinavyoitwa spirulina, anavichuja majini na mdomo wake kichwa kikiwa chini juu, na spirulina inataka maji ya magadi makali. Maziwa yalipoanza kupanda zaidi ya miaka kumi iliyopita, Nakuru likaongezeka maji baridi, magadi yakapungua ukali, chakula kikapungua na heroe wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Watu wakalia heroe wamekufa wote. Hawakuwa wamekufa, walikuwa wamehama, na hilo huwezi kulijua ukiangalia ziwa moja, unalijua kwa sababu kuna watu siku hizo hizo wako na daftari Bogoria na Elmenteita na Naivasha na kwengine. Hata ujirani wetu na Tanzania unaonekana humo, hawa hawa heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanataga na kulea ziwa Natron, upande wa pili wa mpaka, likiharibika Natron hata sisi Nakuru tumebaki na maji matupu.

Kwa hiyo usingoje Januari. Nature Kenya, chama ambacho kilianza 1909, wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia pale Makumbusho Nairobi. Nenda hata ukiwa hujui kitu, useme hujui kitu, watu wale wana subira ya ajabu. Waulize hapo hapo namna ya kuandikisha jina kwa hesabu ijayo. Kwa baadhi ya maziwa hua kuna na ya Julai.

Shikamoo. Niko Muscat kikazi, nyumbani Malindi. Narudi Desemba kwa likizo na binti yangu ana hamu ya kujitolea kwenye mikoko. Tumeona kampuni mtandaoni inataka dola nyingi sana kwa wiki mbili za kupanda mikoko "na jamii". Ni kawaida? — Baba Malindi

Marahaba baba. Kulipa kitu ni kawaida, chakula na malazi na mtu wa kuwaongoza sio bure, shida ni pesa inaishia wapi. Waulize maswali haya kwa maandishi: kikundi gani cha kijiji mnafanya nacho kazi, wanapata kiasi gani katika hizo dola, na mikoko mliyopanda mwaka juzi iko hai mingapi. Wenye kazi ya kweli watajibu siku hiyo hiyo kwa furaha manake wanaona fahari. Wakianza kukutumia picha za watoto wanacheka, achana nao.

Isitoshe nyie mko nyumbani, lugha mnayo, hamhitaji mtu wa kati. Mida Creek hapo Watamu ni mwendo mfupi tu kutoka kwenu. Kuna daraja la kuning'inia ndani ya mikoko na kibanda cha kuangalilia ndege, na ile ada ya kuingia inasaidia karo za watoto wa sekondari wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, mpango huo ulianzishwa na A Rocha Kenya, shirika la mazingira ambalo kituo chao kiko Watamu na wana utaratibu wa kupokea wanaojitolea. Angalia maji kabla hujatoka nyumbani. Maji yakitoka kabisa ndege wako mbali huko kwenye tope, ni vidoa tu, yakianza kujaa yanawasukuma taratibu kuelekea kwenu mpaka mnawaona miguu. Desemba ni wakati mzuri, wageni wa kutoka Ulaya na Siberia wako wote. Na kuna mmoja mwonyeshe binti, kwa Kiingereza anaitwa crab plover, mweupe na mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa, huyo anachimba shimo kwenye mchanga na kutaga yai moja tu humo ndani, na anapotagia ni kwenye fukwe na visiwa vya huko huko mliko, Oman na Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha anakuja kwetu kukaa. Yaani mnasafiri njia moja nyie na yeye.

Kuhusu kupanda: kila mti una pake, na wazee wa pwani wanajua. Mlilana unakaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenyewe unafuata, mkandaa nyuma yake, mchu unakwenda hadi juu kwenye chumvi kavu. Mbegu ya mkoko inachipua ikiwa bado iko mtini, ndefu ya kijani, unaichomeka kwenye tope theluthi hivi na inasimama, rahisi sana, na urahisi huo ndo umeponza miradi mingi, watu wanachomeka mkoko popote palipo na tope hata pale ambapo tangu dunia iumbwe hapajaota mti, na hapo ndipo ndege wanapokula, miche inakufa na ndege wamekosa chakula. Mkiwa na nafasi shukeni Gazi, Kwale, muone Mikoko Pamoja, kijiji kinatunza mikoko yake na kuuza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo miti yao inaishika, tangu 2013, pesa imeingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule, na kina mama wana daraja lao la kutembeza wageni. Binti atajifunza zaidi siku moja ya kukaa na hao mama kuliko hizo wiki mbili za dola.

Mimi ni mwalimu Kitale, nina wanafunzi 40 wa kilabu cha mazingira. Saiwa inafaa? Bajeti yetu ni ndogo. — Mwalimu

Mwalimu, inafaa kupita maelezo. Ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa Kenya, kilomita za mraba tatu hazifiki, ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi, na humo hakuna kuzunguka na gari, mnatembea kwa miguu njia za mbao na kupanda minara. Nzohe ana kwato ndefu zilizopanuka za kumbeba kwenye matope, na akiogopa anajizamisha majini anabakisha pua nje. Mkifika saa nne na watoto 40 wanaopiga kelele hamumwoni, nakwambia ukweli. Wagawe vikundi vya kumi kumi, cha kwanza kiwe mnarani mapema kabisa, wengine wakatafute yule tumbili mwenye ndevu nyeupe na kipaji cha rangi ya chungwa. Andika barua KWS kwa jina la shule mapema kuhusu bei ya wanafunzi na malipo yafanyeni kwa eCitizen, langoni hawapokei pesa taslimu.

Kujitolea, msifikirie ndani ya mbuga. Mbuga ni kamba nyembamba katikati ya mashamba ya mahindi, kila kinacholimwa juu kinashuka humo. Kitalu cha miti ya kienyeji shuleni, miche iende kwa wazazi wenye mashamba kando ya vijito, hilo mnaweza na ni bei ya udongo na mbegu.

Mimi niko Entebbe. Niende kinamasi cha Mabamba? Marafiki wanasema ndege mmoja tu, hailipi. — Kijana wa Entebbe

Nenda. Ndege mmoja mwenyewe ni domokiatu, urefu wa mtoto wa darasa la pili, anasimama bila kutikisika anangoja samaki kamongo apande juu kuvuta hewa. Wavuvi walikuwa wakimwona wanasema leo hakuna samaki, wanamuua, na leo ni wavuvi wale wale na watoto wao wanaowapeleka wageni kumwona. Chukua mtumbwi wa chama cha hapo, na mwambie wa mtumbwi asimsogelee karibu hata kama wewe unataka picha.

Je, kuna posho kwa volantia? — Wengi

Hapana. Pengine nauli, pengine chai na mkate. Wakikupa gambuti za kuazima shukuru.

Niko Nairobi, sina gari, sina darubini, nina Jumamosi asubuhi tu. Nifanyeje? — Msomaji wa Kawangware

Panda matatu ya Kikuyu ushuke Ondiri, au ya Limuru uone bwawa la Manguo lililo kando ya barabara, ndege wako hapo hapo huhitaji kuingia popote. Chagua moja kati ya hayo mawili urudi hapo hapo kila unapopata nafasi, usirukeruke. Andika tarehe, saa, maji yamefika wapi, umeona ndege gani na wangapi, nani anamwaga nini, pampu ngapi zinavuta maji. Usiyemjua andika alivyo, mguu rangi gani, mdomo umepinda au umenyooka. Ukipata ofu siku ya Jumatano nenda na hilo daftari Makumbusho, watakusaidia majina, na darubini kuna mtu atakuazima.